Dopamini siyo "homoni ya raha": uzi wa njaa, hamu na ubongo wa wanyama

MwalimuMoro (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kila nikifungua simu siku hizi nakutana na mtu anayeeleza kwamba dopamini, moja ya kemikali ambazo chembe (seli) za ubongo hupelekeana ujumbe kwazo, ni "homoni ya raha". Ukila chipsi inamwagika, ukisifiwa mtandaoni inamwagika, basi tafuta dopamini uwe na furaha. Nafundisha baiolojia kidato cha tano na cha sita, mwaka wa 14 huu, na wanafunzi wangu wananiandikia hivyohivyo kwenye mitihani. Kosa hili linaniuma, kwa sababu ukilibeba hutaelewa kwa nini mnyama anakula, kwa nini anaacha kula, wala kwa nini anarudia jambo hata pale ambapo halimpi raha tena.

Nianze na panya.

Mwaka 1995 maabara ya Richard Palmiter, Chuo Kikuu cha Washington pale Seattle, Marekani, ilitengeneza panya wadogo ambao chembe zao za dopamini zilinyimwa uwezo wa kuitengeneza dopamini yenyewe. Walizaliwa wazima na wakanyonya. Baadaye kidogo wakaanza kudhoofu, na ndani ya wiki nne hivi za maisha yao wakawa wanakufa. Wanakufa kwa njaa, na chakula kipo palepale kwenye tundu, karibu na pua.

Ukikitia chakula mdomoni mwa panya huyo, anatafuna na kumeza vizuri tu. Taya nzima, koo zima. Ila kuinuka akakifuate mwenyewe, hainuki. Akichomwa sindano ya L-dopa, ambayo ni malighafi ambayo mwili unaigeuza kuwa dopamini, anaamka, anatembea, anakula kwa saa kadhaa. Dawa ikiisha anarudi kukaa. Waliochomwa kila siku waliishi.

Mtu wa "homoni ya raha" atasema: aah, bila dopamini chakula hakina utamu, ndiyo maana. Lakini panya haohao walipowekewa maji ya kawaida na maji ya sukari, waliyaendea zaidi ya sukari. Utamu walikuwa wanaujua. Kilichokosekana ni ule msukumo wa kuinuka.

Naendelea chini, naomba nafasi kidogo.

MwalimuMoro

Hii dhana ya raha haikuanzia TikTok. Ina mizizi ya kueleweka kabisa.

Mwaka 1954 James Olds na Peter Milner wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, Kanada, walichapisha habari ya panya waliopachikwa waya mwembamba ndani ya ubongo. Kwa panya mmoja waya ulikaa pembeni ya pale walipokusudia, na yule panya akawa anarudi kona ileile ya meza alikopewa mshtuko mdogo wa umeme, kama mtu aliyesahau kitu. Wakampa kidude cha kubonyeza, kila akibonyeza anajipa mwenyewe umeme. Majaribio yaliyofuata yalionyesha panya wakibonyeza maelfu ya mara kwa saa moja. Na mwaka 1965 watafiti wengine walionyesha kwamba panya anayepewa muda mfupi kwa siku wa kuchagua kati ya umeme na chakula anaweza kuchagua umeme hadi akadhoofu vibaya kwa njaa.

Ukimwona mnyama wa namna hiyo, utasema nini? Utasema anasikia raha kupita kiasi. Ndivyo walivyosema, wakapaita "vituo vya raha". Baadaye ikajulikana njia nyingi za neva zilizoguswa na waya zile zinaishia kwenye chembe za dopamini, basi dopamini ikarithi jina. Nami ningekuwepo ningesema hivyohivyo.

Aliyeivunja dhana hiyo ni Kent Berridge wa Chuo Kikuu cha Michigan. Alichofanya ni kuangalia uso.

Mdondoshee mtoto mchanga tone la sukari ulimini: anatoa ulimi, analamba midomo, uso unalegea. Mdondoshee kwinini: anaachama, anakunja uso, anatikisa kichwa. Nyani wanafanya hivyo. Panya naye anafanya hivyo, ukimrekodi na kumwangalia polepole: kile kiulimi kinatoka mbele mara mbili tatu, kinalamba pembeni. Mwaka 1989 Berridge na wenzake walichukua panya ambao karibu dopamini yao yote iliharibiwa kwa sumu maalumu. Hawa hawali chochote wenyewe, wanalishwa kwa mrija. Wakawadondoshea sukari mdomoni.

Wakalamba midomo, kama panya yeyote mzima.

Mimi nilisoma jambo hilo nikiwa chuoni na sijalisahau. Panya ambaye atakufa kwa kukosa kuinuka kula, uso wake unakwambia "hiki kitamu". Tangu hapo Berridge akatenganisha mambo mawili ambayo sisi Waswahili tulikuwa tunayatenganisha kwa maneno ya kila siku: *kupenda* kitu pale kilipo mdomoni, na *kutamani*, yaani kukifuata. Dopamini inakaa zaidi upande wa kutamani. Upande wa utamu una kemikali zake nyingine, hasa zile za jamii ya afyuni ambazo ubongo unajitengenezea wenyewe, na mojawapo ya sehemu zinazokuza utamu huo kwa panya ni ndogo mno, ukubwa wa milimita moja ya ujazo tu ndani ya kiini kimoja cha ubongo wa mbele.

Na jaribio la upande wa pili lipo pia. Panya waliofanywa kuwa na dopamini nyingi kuliko kawaida walikimbia haraka zaidi kwenye njia ya kuelekea chakula kitamu, wala hawakusitasita njiani. Walipofika na kuonja sukari, hawakulamba midomo kuliko wenzao.

KijanaWaRombo

Shikamoo mwalimu. Uzi mzito huu, nimeusoma mara mbili.

Swali. Hiyo dopamini ilijulikanaje kwanza kwamba inafanya kazi kwenye ubongo? Maana kuna mtu aliniambia dawa ya kwanza ya kuiondoa ilitoka kwenye mti unaofanana na msesewe wetu. Nikadhani ananidanganya.

MwalimuMoro

Marahaba mdogo wangu. Hakukudanganya, na umenifurahisha kuuliza.

Kuna mti mdogo wa India unaoitwa kitaalamu *Rauvolfia serpentina*, umetumika katika tiba ya jadi ya kule tangu zamani. Mwaka 1952 wanakemia wa Basel, Uswisi, walitoa ndani ya mizizi yake dawa iitwayo reserpini, ikatumika kushusha shinikizo la damu na kutuliza wagonjwa wa akili. Mwaka 1957 Arvid Carlsson kule Sweden akawachoma sungura reserpini. Sungura wakalala, masikio yakaanguka, hawasogei. Dawa ile ilikuwa imemaliza akiba ya dopamini na ndugu zake ndani ya chembe za neva. Akawachoma L-dopa. Baada ya dakika chache sungura wakanyanyuka, masikio juu, wakaanza kuruka. Kabla ya hapo wengi walidhani dopamini ni kitu cha kupita tu katika safari ya kutengeneza noradrenalini, kemikali nyingine ya ujumbe. Carlsson alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2000.

Msesewe wa Kilimanjaro, ule ambao gome lake linatiwa kwenye mbege ili kuipa uchungu, ni *Rauvolfia caffra*. Jenasi moja na ule wa India. Naomba watu wasiondoke hapa wakasema mbege inamaliza dopamini, kwa sababu sijasema hivyo. Nasema tu kwamba ukoo wa mti ambao bibi yako anauchuna gome ndio ulioifungulia dunia mlango wa kuijua dopamini.

KijanaWaRombo

Nitamwambia bibi. Asante sana mwalimu.

MfugajiKibaha

Mkuu, mimi ni mtu wa kuku wa nyama, mabanda mawili. Nimesoma kwa makini kwa sababu kula kwa kuku ndiyo mtaji wangu. Mambo mawili.

La kwanza: kuku wangu wakisikia mlio wa ndoo tu, kabla hata sijafungua mlango, banda zima linahamia upande wa mlango. Hawajaona chakula, hawajala. Hiyo ni dopamini?

La pili: kuna kijana alikuja kutuuzia kitu cha kuchanganya kwenye maji, anasema kinapandisha "homoni ya njaa" ili kuku wale zaidi. Homoni ya njaa ni ipi hiyo?

MwalimuMoro

Ndugu yangu, la kwanza ndilo nililotaka kufikia, na kwa bahati mfano mzuri kuliko wote tunao hapahapa Morogoro.

Mnawajua panya buku wa APOPO, wanaofundishwa katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kunusa mabomu ya ardhini na kunusa makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Niliwahi kuwapeleka wanafunzi kuwaona. Somo la kwanza la panya mchanga halihusu bomu wala harufu. Mkufunzi ana kidude mkononi kinacholia *tik*. Tik, panya anapewa chakula. Tik, chakula. Chakula chenyewe ni ndizi iliyopondwa, inasukumwa kidogokidogo kutoka kwenye bomba la sindano. Nilisimama karibu na mmoja nikamtazama. Ndevu zake za puani zilikuwa zinacheza huku na huku, anachunguza kona. Ikalia tik. Akageuka mwili mzima kwa mpigo mmoja, mikono ya mbele juu, mdomo tayari kwenye ncha ya bomba. Ndizi ilikuwa bado haijatoka.

Baada ya hapo tik inatumika kumwambia "hapo umepatia". Akishikilia pua kwa sekunde tatu kwenye tundu lenye harufu sahihi, tik, ndizi. Miezi tisa hivi, panya yuko tayari kwa kazi. Panya Magawa, aliyezaliwa Tanzania akafanya kazi Kambodia, alipata medali ya dhahabu ya shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020, panya wa kwanza kuipata. Alifariki Januari 2022.

Kilichokuwa kinatokea ndani ya kichwa cha yule panya wakati wa tik, kwa nyani tunakijua kwa undani. Wolfram Schultz, akifanya kazi Fribourg, Uswisi, alipachika nyaya nyembamba kwenye chembe moja moja za dopamini za nyani aina ya makaki, akawa anawapa tone la maji ya matunda. Mwanzoni chembe zinalipuka pale maji yanapogusa ulimi. Halafu akatanguliza ishara, taa kwa mfano. Nyani alipoizoea, chembe zikahama: zinalipuka taa inapowaka, na maji yanapofika zimekaa kimya. Maji ni yaleyale, utamu ni uleule, nyani anayanywa, na dopamini kimya! Na taa ikiwaka kisha maji yasije, chembe zinashuka chini ya kiwango chake cha kawaida, kwa wakati uleule ambao maji yalitakiwa kufika. Mwaka 1997 Schultz, Peter Dayan na Read Montague wakaieleza kwa hesabu: dopamini inapima tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichopatikana. Ukipata zaidi ya ulivyotegemea inapanda, ukipata pungufu inashuka, ukipata kilekile ulichotegemea haina habari mpya ya kutoa.

Kwa hiyo mlio wa ndoo yako, mkuu, kwa kuku ndiyo tik. Ubongo wa ndege si nakala ya ubongo wa nyani, lakini chembe za dopamini anazo na kujifunza kwa ishara anakujua.

La pili nalijibu peke yake, maana lina mtego.

MwalimuMoro

Homoni ya njaa anayoisema yule kijana bila shaka ni grelini. Iligunduliwa Japani mwaka 1999 na Masayasu Kojima, Kenji Kangawa na wenzao, kutoka kwenye tumbo la panya. Tumbo likiwa tupu inapanda, inafika kwenye ubongo, na hapo inagusa sehemu mbili: haipothalamasi, ambako hesabu ya nishati ya mwili inafanyika, na zile chembe za dopamini. Yaani njaa yenyewe inaongeza thamani ya ishara ya chakula. Ndiyo maana ukipita jirani na mchoma mishikaki umeshiba unapita, ukipita na njaa miguu inapunguza mwendo yenyewe.

Sasa mtego. Hayo ni ya panya, ya mbwa, ya binadamu. Kwa kuku, grelini ikidungwa kwenye ubongo inapunguza kula. Watafiti wa Japani waliliona hilo mwanzoni mwa miaka ya 2000 na likarudiwa. Kinyume kabisa na mamalia. Basi mtu anayekuuzia maji ya kupandisha homoni ya njaa kwa kuku, muulize ni homoni gani na kwa ndege gani. Tena kuku wa nyama hana shida ya hamu ya kula. Amechaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa kula na kukua, hadi wazazi wa vifaranga hao, kule wanakozalishwa, inabidi wapimiwe chakula kwa sababu wakiachiwa wanakula hadi wanaharibu afya na utagaji wao.

MfugajiKibaha

Umeniokolea hela mkuu. Nilikuwa nimeshaweka oda ya lita 10.

DadaWaMaabara

Mwalimu, hongera. Naongeza upande wa kushiba, maana uzi umekaa sana kwenye hamu.

Mwaka 1949, Bar Harbor, jimbo la Maine, Marekani, walizaliwa panya wanene kupita kiasi kwenye Maabara ya Jackson. Uzito karibu mara tatu ya ndugu zao, wanakula hawaachi. Douglas Coleman baadaye alifanya jambo gumu: aliwaunganisha panya wawili ngozi kwa ngozi ili damu yao ichanganyike kidogo. Mnene akiunganishwa na mzima, mnene anapunguza kula. Kwa hiyo mzima ana kitu kwenye damu ambacho mnene hana. Palikuwa na aina nyingine ya panya wanene, waliopatikana baadaye. Mnene wa aina ya kwanza akiunganishwa na mnene wa aina ya pili, wa kwanza anaacha kula hadi anakufa. Hapo Coleman akajua: wa pili anacho kile kitu, tena kingi mno, ila ubongo wake haukisikii.

Kitu chenyewe kilipatikana 1994 na Jeffrey Friedman wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York. Ni leptini, jina limetoka kwenye Kigiriki, *leptos*, mwembamba. Inatengenezwa na mafuta ya mwili. Mafuta yakiwa mengi, leptini nyingi, ubongo unaambiwa akiba ipo. Inatuliza chembe za njaa kwenye haipothalamasi na inapunguza pia msisimko wa zile za dopamini. Nimefanya kazi maabara miaka 9 na bado nikifikiria subira ya yule mzee, miaka mingi kabla jeni lenyewe halijapatikana, naheshimu sana.

MwalimuMoro

Dada yangu, asante sana. Naomba niongezee jambo moja kwenye hizo chembe za njaa, kwa sababu linagusa swali la raha.

Mwaka 2011, kituo cha Janelia, Virginia, waliziwekea chembe hizo kwa panya uwezo wa kuwashwa kwa mwanga kupitia uzi mwembamba wa kioo. Panya ameshiba, amelala. Mwanga ukiwashwa, baada ya dakika chache anakula kana kwamba hajaona chakula tangu jana. Miaka minne baadaye, maabara ya San Francisco ilipozisikiliza chembe hizo kwa panya mwenye njaa, ikakuta zinatulia mara tu anapokiona na kukinusa chakula, kabla hajang'ata. Mimi nilidhani zinatulia tumbo likijaa. Kumbe kukiona na kukinusa tu kunatosha kuzituliza, tumbo litapiga hesabu yake baadaye.

MsomajiIsiolo

Niko Isiolo, Kenya. Mwalimu, ningependa kuuliza juu ya nzige. Mwisho wa 2019 waliingia huku, na wazee walisema hawajaona vile tangu wakiwa watoto. Nilisimama kwenye shamba la mjomba, nikasikia wakila. Ni sauti kama mvua nyembamba juu ya majani makavu. Mtama aliokuwa ameupanda ulibaki vijiti. Kila mtu anasema nzige ana njaa tu. Kuna kemikali ya ubongo hapo?

MwalimuMoro

Pole kwa mjomba. Ndiyo, ipo, na ni serotonini, kemikali nyingine ya ujumbe kama dopamini.

Nzige wa jangwani mara nyingi anaishi peke yake, rangi ya kufichama, anamkwepa mwenzake. Mvua zikinyesha vizuri jangwani wanazaliana, kisha majani yanakauka na kubaki mabaka machache, wote wanakimbilia palepale kwenye chakula. Wanagusana, hasa miguu ya nyuma. Mwaka 2009 watafiti wa Cambridge, Oxford na Sydney walionyesha kwamba kule kuguswa miguu kunapandisha serotonini kwenye mafundo ya neva ya kifuani, na ndani ya saa mbili hivi mdudu aliyekuwa anamkimbia mwenzake anaanza kumfuata. Wakimzuia serotonini isifanye kazi, anabaki mpweke hata akiguswa. Wakimpa, anatafuta kundi bila kuguswa.

FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wanasema kundi la kilomita moja ya mraba linaweza kuwa na nzige hadi milioni 80, na kwa siku linakula chakula kinachotosha watu 35,000. Serotonini ileile ambayo watu wanaiita "ya utulivu". Ndiyo maana nawasihi watu waache kuzipa kemikali hizi tabia za watu. Kemikali ni ujumbe. Maana yake inategemea mlango uliopokea.

MrinaAsali_Tabora

Na nyuki je? Maana nyuki anarudi kwenye ua lilelile.

MwalimuMoro

Nyuki ana oktopamini, ndugu ya adrenalini kwa wadudu. Mwaka 1993 Martin Hammer kule Berlin alipata chembe moja, moja tu, kwenye ubongo wa nyuki inayobeba habari ya sukari. Alimpa nyuki harufu bila sukari, kisha akaisisimua chembe ile kwa umeme. Baadaye nyuki akisikia harufu ile anatoa ulimi, anasubiri asali ambayo hajawahi kuonjeshwa pamoja na harufu hiyo.

KijanaWaRombo

Mwalimu, nirudi kidogo. Kama bila dopamini panya hali, mbona mirungi inakata njaa? Nimesikia mirungi inaongeza dopamini. Mantiki inagongana.

MwalimuMoro

Swali zuri kuliko yote ya leo.

Mirungi ina kathinoni, inayopotea jani likikauka, ndiyo maana wauzaji wanaifunga kwenye majani ya mgomba na kuikimbiza sokoni. Kathinoni ni jamii moja na amfetamini, dawa ya kusisimua ubongo: inasukuma dopamini na noradrenalini zitoke kwa wingi. Na kweli inakata hamu ya chakula.

Kosa ni kufikiria dopamini kama tanki moja la maji ambalo likijaa hamu inajaa. Dopamini inamwagwa mahali tofauti, na kila mahali ina kazi yake. Kwenye ubongo wa mbele inasukuma mnyama akifuate kitu. Kwenye sehemu ya pembeni ya haipothalamasi inazima kula. Tangu miaka ya 1970 ilionekana kwamba ukidondosha amfetamini kidogo hapo kwa panya, anaacha kula. Dawa inayolowesha ubongo wote haichagui. Msukumo unabaki mkubwa, unageukia kuongea, kuendesha gari usiku kucha, kutafuta kitita kingine, na sahani inapoa. Kwa hiyo mambo yote mawili ni kweli: pasipo dopamini kabisa mnyama hainuki, ikifurika kila mahali anainuka na kwenda kusiko na chakula.

MamaSimba

Mwalimu habari. Mimi si mtu wa sayansi. Nina mbwa, Simba, miaka 6. Ana siku ya tatu hagusi ugali wala dagaa. Analala tu mlangoni. Nimesoma habari ya panya wa mwanzo nikalia. Ameacha kupenda chakula au ameacha kutamani?

MwalimuMoro

Pole sana mama. Kwanza kabisa, siku tatu ni nyingi, naomba kesho asubuhi umpeleke kwa daktari wa mifugo. Mbwa mgonjwa, hasa mwenye homa, mwili wake unatoa kemikali za kinga zinazofika kwenye ubongo na kuzima hamu. Haina maana kwamba ubongo wake umeharibika kama wa panya wale.

Usiku huu unaweza kumwangalia kitu kimoja. Pasha mchuzi wa dagaa uwe vuguvugu, chovya kidole, umpake kidogo kwenye fizi, pembeni ya mdomo. Usimlazimishe wala usimmiminie, asije akapaliwa. Mtazame uso tu.

MamaSimba

Nimefanya. Mwanzo hakusogea. Halafu akatoa ulimi, akalamba pua, akalamba tena pembeni nilikompaka. Hajainuka.

MwalimuMoro

Basi utamu bado anausikia, mama. Alichokosa ni nguvu ya kuufuata. Mwekee maji karibu na mdomo, na mchuzi uendelee kumpaka kidogokidogo akiwa anaulamba mwenyewe. Daktari akishajua ugonjwa, zipo hata dawa za kuamsha hamu kwa mbwa. Mojawapo, kapromorelini, inayoiga grelini, iliidhinishwa Marekani mwaka 2016. Ila hiyo ni juu yake, ugonjwa kwanza.

DadaWaMaabara

Mama Simba, daktari akichukua damu mkumbushe aangalie na vijidudu vya kupe. Mara nyingi mbwa wa nje wanaanza hivyo.

MamaSimba

Nimerudi wapendwa. Ni homa ya kupe kweli. Amechomwa sindano jana na leo, na vidonge vya wiki tatu. Daktari amesema tumewahi.

Leo jioni nilikuwa jikoni nafunua sufuria ya dagaa. Mfuniko ulipogonga ukingo nikasikia kucha kwenye sakafu. Nimegeuka, amesimama mlangoni anayumba kidogo, masikio juu. Sufuria ilikuwa bado ya moto, sijampa kitu.